Nani Anambeba Nani?

Mhariri wa jarida letu aliponiomba makala alinipa sharti moja tu: "Andika kuhusu masomo yako, ila usituwekee fomula." Nimetii. Humu kuna kujumlisha na kutoa tu, na yeyote anayejua kuhesabu chenji ya daladala atanifuata mpaka mwisho.

Mimi nasomea uhandisi mitambo, ngazi ya uzamivu, na kazi yangu ni injini ndogo: za pikipiki, jenereta na pampu za maji. Mliopita njia hii mnaijua sura ya kwanza ya tasnifu. Lazima umshawishi msomaji kwamba kitu unachokichunguza kina uzito duniani. Msimamizi wangu akaniagiza nitafute injini ndogo ngapi zinauzwa kwa mwaka, nianze na wauzaji wakubwa. Nikafungua taarifa ya fedha ya Honda. Idadi niliipata upesi: katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2025, Honda na kampuni shirika zake ziliuza pikipiki takriban milioni 20.6. Magari yalikuwa kama milioni 3.7. Ningeweza kuishia hapo na kurudi maabara. Ila mbele kidogo palikuwa na jedwali la vitengo vya biashara, na jedwali hilo ndilo lililonikalisha mpaka usiku wa manane.

Hapa Uingereza ukitaja Honda, mtu anafikiria gari. Kumbe kwenye vitabu vyake Honda ni wafanyabiashara wanne chini ya paa moja. Kuna kitengo cha pikipiki. Kuna kitengo cha magari. Kuna kitengo cha huduma za fedha, kinachokopesha na kukodisha magari kwa wateja. Na kuna kitengo cha mashine ndogo na mengineyo, yaani jenereta, mashine za kukatia nyasi, injini za boti, na humohumo ndani imewekwa hata ile ndege ndogo yao, HondaJet. Kila mmoja ana mstari wake: ameingiza kiasi gani, amebakiza kiasi gani.

Sasa tazama mwaka huo ulioishia Machi 2025. Faida ya uendeshaji ya kampuni nzima ilikuwa yen bilioni 1,213.4. Magari yalileta kama theluthi mbili ya mapato yote, lakini faida yake ilikuwa yen bilioni 243.8, yaani moja ya tano tu. Pikipiki zilileta takriban moja ya sita ya mapato, na faida yake ikawa yen bilioni 663.4. Hiyo ni zaidi ya nusu ya faida ya kampuni nzima! Huduma za fedha zikaleta bilioni 315.6, na mashine ndogo zikala hasara. Ukirudi nyuma mpaka mwaka ulioishia Machi 2023, mambo ni makali zaidi: magari yalipata hasara ya yen bilioni 16.6, huku pikipiki zikibakiza faida ya bilioni 488.7.

Kwa lugha ya mtaani, anayevaa suti ni gari, anayelipa kodi ya nyumba ni pikipiki.

Si ajabu sana ukijua historia. Honda ilianzishwa kama kampuni mwaka 1948 ikitengeneza pikipiki, na magari yake ya kwanza yalitoka mwaka 1963. Pikipiki ndiye kaka mkubwa. Anauzwa India, Indonesia, Vietnam, Thailand na Brazil, kwa watu wanaokwenda nazo kazini na sokoni, na kwenye matangazo ya televisheni za huku humwoni.

Nikajiuliza: kwa nini kampuni ijivue nguo hivi mbele ya watu? Jibu ni kwamba inalazimika. Viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha vina kanuni iitwayo IFRS 8, iliyoanza kutumika Januari 2009, na ambayo wazo lake lilitoka kwenye kanuni ya Marekani ya mwaka 1997. Wazo lenyewe ni rahisi: mwonyeshe mtu wa nje biashara kama bosi anavyoiona ndani. Kama kila mwezi bosi anawekewa mezani hesabu za pikipiki peke yake na za magari peke yake, na kwa hizo anaamua pesa ziende wapi, basi mwenye hisa naye aonyeshwe hivyohivyo. Kitengo kikifikia asilimia 10 ya mapato, ya faida au ya mali, hakifichwi. Na vitengo vinavyoonyeshwa lazima vifikie angalau asilimia 75 ya mapato yanayotoka kwa wateja wa nje. Kampuni zilizoorodheshwa kwenye masoko ya hisa ya Nairobi na Dar es Salaam nazo hufuata viwango hivyo.

Kuna kipengele kimoja ambacho kwangu ndicho utamu wenyewe. Kitengo kimoja kikimuuzia kingine kitu, mauzo hayo yanaandikwa kwenye mstari wake, halafu yanafutwa kwenye jumla, kwa sababu familia haiwezi kujitajirisha kwa kujiuzia yenyewe. Jumla haibadiliki. Kinachobadilika ni picha ya nani anamlisha nani.

Msidhani hayo ni mambo ya wahasibu tu. Ford walikuwa wakigawa hesabu za magari yao kwa kanda: Amerika Kaskazini, Amerika Kusini, Ulaya, Uchina na kwingineko. Kuanzia mwaka 2023 wakagawa upya kwa aina ya biashara: magari ya mafuta na mseto upande mmoja, ya umeme upande wake, na ya wateja wa kazi, kama malori madogo ya makampuni, upande wake. Mwaka huo kitengo cha umeme kilionyesha hasara ya dola bilioni 4.7, kabla ya riba na kodi. Cha mafuta na mseto kilipata faida ya dola bilioni 7.5, na cha magari ya kazi bilioni 7.2. Ndani ya jedwali la kanda, hasara ile isingeonekana kwa jicho la kawaida. Ingekuwa imelala ndani ya Amerika Kaskazini, imefunikwa shuka la malori. Magari ni yaleyale na viwanda ni vilevile. Waligeuza jedwali tu, na watu wakaanza kuuliza maswali mengine kabisa.

Nyuma ya mistari hiyo kuna watu. Fundi mmoja wa maabara yetu, Mwingereza wa makamo, aliwahi kufanya kazi kwenye kiwanda cha Honda cha Swindon. Kilitangazwa kufungwa Februari 2019 na kikafungwa Julai 2021, na waliokuwa wakifanya kazi pale ni takriban watu 3,500. Kampuni ilitaja mabadiliko ya sekta ya magari duniani na safari ya kwenda kwenye umeme. Fundi huyu hana kinyongo. Anasema tu kwamba hakuna aliyewahi kuwaambia kazi yao mbaya. Walikuwa wakiunda gari zuri. Nikamwonyesha jedwali la Honda la kanda, ambapo Ulaya ni kipande kidogo mbele ya Amerika Kaskazini na Asia. Akalitazama kwa muda mrefu, akasema laiti angelijua jedwali hilo miaka kumi kabla. Ubora wa kazi yako ni jambo moja, na mstari uliokaa ni jambo jingine.

Hapo ndipo nikafikiria nyumbani Tanga.

Familia yetu inajulikana kwa daladala. Baba yangu alistaafu, akanunua basi dogo, na mtaani sisi ni watoto wa mwenye gari. Mama ana mgahawa wa mabati na viti vya plastiki karibu na stendi: chai na vitumbua asubuhi, wali na maharage mchana. Mgahawa huo hakuna anayeuita biashara ya familia. Unaitwa "pale kwa Mama". Miezi michache iliyopita injini ya gari ilichoka, na kaka yangu mkubwa akaleta hoja kwenye kundi letu la WhatsApp: tuifumue injini yote upya, shilingi milioni 4 na nusu. Milioni 2 zitoke kwenye akiba ya Mama ya kikoba, milioni 2 na nusu nitume mimi. Na kwa kuwa mimi ndiye mhandisi, nitoe na ushauri.

Wenzangu mnaobeba boksi mwisho wa wiki mnajua milioni 2 na nusu ni usiku mangapi ghalani. Lakini kilichonikwama kooni ni zile milioni 2 za Mama.

Kama mhandisi, swali lilikuwa jepesi. Injini inafumulika, itafanya kazi, nikaeleza na vipuri gani vibadilishwe. Ila swali hilo lilikuwa la gari. Swali la familia lilikuwa jingine, nalo halikuwa limeulizwa: gari linambeba nani, na nani analibeba gari?

Sasa, kwetu kumdai mzazi hesabu ni kama kumwambia mwizi. Nikaanza na hesabu zangu mwenyewe. Nikaandika kwenye kundi pesa nilizotuma miezi mitatu, wastani wa 400,000 kwa mwezi, na kila shilingi ilikokwenda: dawa za Baba, ada ya mdogo wetu wa mwisho, na mara mbili "dharura ya gari". Halafu nikamwomba dada yangu, anayeshika daftari nyumbani, aandike safu nyingine mbili, ya gari na ya mgahawa, kwa wastani wa mwezi. Akafanya kazi safi.

Gari lilileta hesabu ya milioni 1 kwa mwezi. Fundi na vipuri vilikula 520,000. Matairi na oili 210,000. Bima, leseni, ushuru na faini 180,000. Likabakiza 90,000.

Mgahawa uliuza milioni 1 na nusu. Vyakula 900,000, mkaa na gesi 120,000, kodi ya kibanda 60,000, msichana wa kumsaidia Mama 120,000. Ukabakiza 300,000. Na hapo Mama anayeamka saa kumi za usiku hajajilipa hata senti.

Nikauliza swali moja tu la nyongeza, lile la vitengo kuuziana: je, kuna kitu mgahawa unalipa gari bila kuandikwa? Dada akacheka kwa maandishi. Dereva na konda wanakula pale kila siku, na hawajawahi kulipa. Kwa bei ya mteja wa kawaida ni 150,000 kwa mwezi. Chakula chenyewe kilishaingia kwenye gharama za Mama. Ukikiandika kama mauzo, mgahawa unapanda mpaka 450,000, na gari linashuka mpaka hasara ya 60,000. Jumla ni 390,000 ileile.

Jioni nikapiga simu.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Nimeyaona majedwali yako. Kwa hiyo unasema gari langu linakula kwa mama yako?"

"Hapana, Baba. Nasema tujue kila kimoja kinasimama wapi kabla hatujamgusa Mama akiba yake."

Akanyamaza. Halafu akaniuliza swali ambalo mkaguzi yeyote wa hesabu angejivunia. "Na mchele wa mama yako, unatoka soko la Mgandini kwa mabawa? Na magunia ya mkaa je? Nani anayabeba alfajiri kabla ya kuanza ruti?"

Lilikuwa neno la haki kabisa. Tukauliza bei ya kukodi bajaji kwa safari zile: 70,000 kwa mwezi. Tukaiandika kama mauzo ya gari kwa mgahawa. Gari likapanda kutoka hasara ya 60,000 mpaka faida ya 10,000, na mgahawa ukakaa kwenye 380,000. Jumla? 390,000. Baba akaridhika. Hakupewa upendeleo wowote. Kazi ambayo gari lilikuwa likiifanya kimyakimya nayo iliandikwa.

Mama alikuwa pembeni muda wote, simu ikiwa kwenye spika. Nikamuuliza, "Mama, wewe unasemaje?"

"Mimi nilijua siku zote," akasema. "Hakuna aliyeniuliza."

Makubaliano yaliyofikiwa ni haya. Akiba ya Mama haiguswi. Dereva na konda wanasaini daftari la chakula, na gari linalipa kila Jumamosi. Gari nalo linaandikiwa magunia yake. Pesa zangu zinabaki kwenye safu ya dawa na ada, haziingii tena kuziba tundu la biashara, maana ndizo zilizokuwa zikilifanya gari lionekane zima. Injini itapewa matengenezo ya lazima tu kwa miezi mitatu, halafu tutatazama tena mistari. Kaka hakufurahi sana, na sina uhakika kama gari litapona. Ila Mama, kwa mara ya kwanza, ameomba kitu kwa ajili ya biashara yake: jiko la gesi la mafiga manne. Mia sita elfu. Hilo nimelituma bila kuulizwa mara mbili.

Wapo watakaosema jedwali la namna hii linatengeneza ubaguzi, kwamba kitengo dhaifu kitauzwa kesho. Sivyo lazima iwe. Honda hawakuyatupa magari yao walipopata hasara mwaka ule ulioishia Machi 2023. Kitengo chao cha fedha kisingekuwa na mikopo mingi ya kutoa kama magari yasingeuzwa. Vitu vinashikana, kama mchele wa Mama na gari la Baba. Na pikipiki zenyewe zingeweza kukaa peke yake na kamwe kusingekuwa na gari la Honda. Kubebana ni jambo jema, ndiyo maana ya familia. Ubaya ni pale anayebeba anapokuwa hajulikani, kwa sababu asiyejulikana ndiye anayeombwa aongeze mzigo, na akiba yake ndiyo inayofikiriwa kwanza.

Hata hivyo msiliamini jedwali kama msahafu. Vitengo vinachorwa na watu, na anayechora ana macho yake. Uliza maswali matatu kila mara. Mipaka imechorwa na nani? Gharama za pamoja, kama za makao makuu, zimegawiwa kwa kipimo gani? Na kuna nini kinachopita kutoka kitengo kimoja kwenda kingine bila bei? Baba yangu aliuliza la tatu bila kusoma ukurasa hata mmoja wa uhasibu.

Nina ombi dogo kwa chama chetu pia. Kila mwaka kwenye mkutano mkuu tunasomewa jumla moja: tumekusanya kiasi hiki, tumetumia kiasi hiki, makofi. Mweka hazina wetu, kwa heshima zote, mwaka huu tuwekee mistari. Sherehe ya mwaka iwe peke yake. Mashindano ya mpira peke yake. Michango ya misiba peke yake. Kina dada wanaopika sambusa na pilau za kuuza kila mwezi waandikwe peke yao, na mafuta ya kupikia wanayonunua kwa pesa za mifukoni mwao yaandikwe. Mimi nina ninachokihisi kuhusu nani anaibeba sherehe ile, lakini sitaki kuhisi. Nataka kuliona jedwali.